Rajkot waliniuliza babu yangu alikuwa akifanya kazi gani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, Mhindu wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga. Naomba usitaje jina langu.

Babu yangu mzaa baba alikuja na meli ya Karanja mwaka 1951 akitokea Bombay. Alikuwa fundi viatu. Alifungua kibanda Ngamiani, akashona makubadhi, akabadilisha soli, akatia viraka mikoba ya walimu, na kwa kazi hiyo akasomesha watoto watano. Msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, bado uko nyumbani. Mpini wake wa mti umelika mpaka umechukua umbo la kiganja chake. Sisi ni Wamochi, jati, yaani tabaka la kuzaliwa nalo, ya watu wa ngozi na viatu. Nililijua hilo kama mtu anavyolijua kundi la damu yake, kwamba limeandikwa mahali na halina kazi mpaka siku ya hospitali. Mtaani kwetu mimi nilikuwa Mhindi tu, binti wa mwenye duka.

Nilipokuwa na miaka 20 nilikwenda Rajkot, Gujarat, kusomea famasia. Huko nikakutana na kijana ambaye nitamwita Jigar, ingawa si jina lake. Ni mhasibu, mpole, na ananisikiliza. Tunapendana mwaka wa tano sasa.

Mwaka jana wazazi wake walikubali kuniona. Kwanza walitaka biodata, ile karatasi ya wasifu inayopelekwa kabla ya posa: jina, urefu, elimu, rangi. Jigar aliijaza mwenyewe, na penye rangi akaandika "ya ngano". Shangazi, mimi ni maji ya kunde, tena kunde zilizokolea. Nilipomuuliza alisema kila mtu huandika hivyo. Picha nayo studio waliing'arisha, hata mama yangu alipoiona aliuliza ni nani.

Siku ya kwanza nilikaribishwa vizuri. Sebuleni kuna picha kubwa ya mungu wetu Shrinathji, imevikwa maua. Foi wake Jigar, yaani shangazi yake, akanishika mkono akauweka sambamba na mkono wa dada yake Jigar. Akasema, "Hili jua la Afrika, litatoka hili?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jigar mwenyewe ni mweusi kunishinda, lakini hakuna aliyempima. Wakati wa kuondoka nikapewa sari, na ndani yake tyubu mbili za krimu ya kung'arisha uso.

Siku ya pili baba yake akaniuliza babu yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia, na nilisema kwa fahari. Sebule ikanyamaza. Baadaye nilikwenda uani kunawa mikono, nikakiona kikombe changu cha chuma kimewekwa chini kando ya bomba, peke yake. Vingine vyote vilikuwa vimerudishwa jikoni. Jigar alikuwa nyuma yangu na alikiona. Najua alikiona kwa sababu aligeuza uso.

Sasa wametuma maneno kupitia mjomba wake. Watanikubali, ila kadi ya harusi isiandikwe jina la ukoo wetu, na harusi ifanyike Rajkot, upande wetu waje watu 10 tu, pasiwe na atakayezungumzia viatu. Nitumie krimu miezi sita kabla. Na baba atoe dhahabu na fedha za kuanzia nyumba, kwa kuwa wao "wamekubali mengi".

Jigar anasema tukubali tu, tukishaoana watazoea. Mama anasema nivumilie, umri unakwenda, na kila jioni ananikorogea unga wa dengu na manjano nijipake. Baba hasemi kitu. Juzi usiku nilimkuta jikoni kaushika ule msharasi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Miaka minane iliyopita kaka yangu alitaka kumwoa dada mmoja Mbondei, muuguzi. Nyumba nzima ilikataa. Mimi nilikuwa na miaka 19, na mezani mbele ya kila mtu nilisema, "Watoto watatoka weusi." Alimwoa, wakahamia Muheza, wana watoto wawili. Sijawahi kwenda kwao. Tangu siku ya kile kikombe, maneno yangu yale yananirudia kila nikilala.

Nifanye nini, Shangazi?

Binti wa Tanga


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale, kwenye kikombe kando ya bomba. Kwa hiyo nitaanzia hapo, halafu nije kwa mengine.

Kikombe kile hakikusahauliwa. Kutenga chombo ni desturi ya zamani sana huko, na iliwaandama zaidi watu walioshika ngozi ya mnyama aliyekufa. Fundi viatu anawavisha watu miguu, kisha mikono yake ndiyo inayoitwa michafu. Dk. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India, alizaliwa mwaka 1891 katika jati ya Wamahar, nao pia walihesabiwa najisi. Alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Tarishi ndiye aliyemmiminia kutoka juu, na siku tarishi asipokuwepo mtoto alishinda na kiu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kusimamia katiba ya mwaka 1950 ambayo kifungu chake cha 17 kinapiga marufuku kumtenga mtu kwa namna hiyo. Kisheria jambo lile lilikwisha kabla babu yako hajapanda Karanja, na bado wewe umelikuta uani.

Ambedkar aliandika mwaka 1936, katika hotuba aliyozuiwa kuitoa na akaamua kuichapisha kwa fedha zake, kwamba kula pamoja hakutoshi kuvunja jati, na kwamba dawa yenyewe ni watu wa jati mbalimbali kuoana. Kwa hiyo wakwe zako hawakushtuka bure. Wanajua ndoa yako inagusa nguzo. Uchunguzi mkubwa wa kaya uliofanyika India mwaka 2011 na 2012 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 walioolewa, ni kama watano tu walioolewa nje ya jati zao. Usijione kwamba una bahati mbaya kupita wenzako. Umegonga mlango ambao wengi hawaufungui.

Sasa niseme juu ya Jigar, maana swali lako liko kwake kuliko kwa wazazi wake.

Yeye ni mtu wa Rajkot. Kuna kijana mwingine aliyekulia Rajkot, Mohandas Gandhi. Mwaka 1888 alitaka kwenda Uingereza kusomea sheria. Wazee wa jati yake waliokuwa Bombay walimwita wakamkataza kuvuka bahari. Aliposhikilia msimamo wakamtenga, wakatangaza kwamba atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini atatozwa faini ya rupia moja na robo. Aliporudi kuna waliompokea, lakini wengine waliendelea kumtenga, na kwa kanuni zao hakuweza kunywa hata maji nyumbani kwa dada yake wala kwa wakwe zake. Unaona kwamba kikombe kile kilimfikia hata mtoto wa waziri mkuu wa Rajkot. Miaka ikapita, mwanawe Devdas akampenda Lakshmi, binti wa Rajagopalachari, mwenzake Gandhi katika kudai uhuru, Mbrahmani wa Kitamil, yaani mtu wa jati nyingine. Wazee hao wawili, pamoja na sifa zao zote, waliwataka vijana wasubiri miaka mitano, kila mmoja mahali pake. Wakasubiri, na mwaka 1933 wakaoana.

Nakupa habari hiyo kwa sababu moja. Kusubiri kunavumilika. Kama ungeniandikia kwamba Jigar anaomba mwaka mmoja au miwili awalainishe wazazi, ningekwambia mpe. Lakini yeye haombi muda, anaomba ufichwe. Tena si yeye aliyeanza na kadi ya harusi, alianza na biodata, alipoandika ngano mahali penye kunde. Ninaamini anakupenda. Ninaamini pia kwamba tangu siku ile amekuwa akikusahihisha kidogo kidogo ili uwafae watu wake, na huenda hajui kama anafanya hivyo.

Anasema watazoea. Watazoea nini, mwanangu? Hawawezi kumzoea babu ambaye hawaruhusiwi kumsikia. Ukiolewa kwa kuficha, utaficha na kesho yake. Baba yako akija kukuona, nani atamkaribisha, na akae wapi? Mtoto wako akipewa kazi ya shule ya kuandika ukoo wa mama yake, utamwambia aandike nini? Kwa desturi yenu foi wa mtoto ndiye anayempa jina mtoto mchanga. Foi wa wanao atakuwa yule dada yake Jigar, aliyeshikwa mkono ukafanywa kipimo cha mkono wako. Hukuniandikia yeye alifanya nini wakati wengine wanacheka. Ningependa umtafute mzungumze, wawili tu. Huenda na yeye amepimwa hivyo nyumba nyingine.

Kwenye krimu sitazunguka. Tyubu hizo zisiguse uso wako. Wewe ni mtu wa famasia, unajua kuliko mimi kwamba krimu nyingi za namna hii zimekutwa na zebaki, inayoharibu figo, au haidrokwinoni. Na kama zako ni salama kabisa, bado usizipake, maana umezipewa kama sharti. Huku kwetu mchezo huu tunauita mkorogo. Nina binti wa ndugu aliyejichubua miezi minane kabla ya harusi yake, Magomeni. Siku ya harusi uso ulikuwa mwekundu kama uliomwagikiwa uji wa moto, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, akawa anakunja mikono ndani ya shela asipigwe picha. Basi nisijifanye namsema Mhindi peke yake. Bibi harusi wa pwani akipakwa singo, kuna bibi pembeni anayesema "leo utang'aa", na sote tunajua anamaanisha nini.

Krimu maarufu ya Fair & Lovely ilianza kuuzwa India mwaka 1975, kwa matangazo ya msichana mweusi asiyepata kazi wala mchumba, kisha anapaka, kisha anapata. Mwaka 2020 neno la weupe liliondolewa, ikaitwa Glow & Lovely. Mwaka huo huo tovuti ya kutafutia wachumba ya Shaadi.com iliondoa kichujio cha rangi ya ngozi baada ya watu kuilalamikia. Ni hatua, sikatai. Ila hakuna tovuti inayoweza kumwondoa foi sebuleni.

Mimi si Mhindu, na mambo ya ibada za watu nayagusa kwa adabu. Lakini umeniandikia kwamba pale sebuleni kuna Shrinathji kavikwa maua. Sanamu yake iliyoko hekalu la Nathdwara, India, imechongwa kwa jiwe jeusi. Ni Krishna ameinua mkono wa kushoto kushika mlima, na jina Krishna lenyewe maana yake ni mweusi. Shyam nalo ni jina lake, nalo ni la weusi. Mama yake Jigar humwimbia huyo kila alfajiri. Sikutumi ukamshinde kwa hoja, maana mkwe hashindwi kwa hoja. Ila Jigar anaweza kumuuliza mama yake kwa upole, yeye mtoto wake mweusi, wakiwa wamesimama mbele ya picha ile. Swali hilo likitoka kwako litakuwa ukosefu wa adabu. Likitoka kwake litakuwa la mtoto kwa mama.

Dhahabu na fedha wanazotaka zina jina, ni mahari inayotolewa na upande wa mwanamke, dahej. India ina sheria ya kuikataza tangu mwaka 1961, na anayetoa ana kosa kama anayepokea. Mwambie baba yako hivyo, apate pa kushika anapokataa. Na wewe elewa zinadaiwa kwa ajili gani. Wamekadiria ngozi yako na jina la babu yako kuwa ni upungufu, wanataka ufidiwe kwa vito. Nyumba inayoanza kwa hesabu hiyo haiishi kudai. Mwaka wa pili watadai gari, na mwaka wa tatu utaulizwa mbona umezaa mtoto wa kike tena mweusi.

Haya, ufanye nini. Mwite Jigar, mkae kitako, na kama uko Tanga naye yuko Rajkot basi iwe kwa simu ya video, uso kwa uso. Usimuulize kama anakupenda. Muulize kikombe. Mwambie ulimwona akikiona. Kisha mwombe jambo moja tu: aende kwa wazazi wake, wewe usiwepo, mjomba asiwepo, aseme kwamba mchumba wake ni mjukuu wa fundi viatu wa Tanga, kwamba kadi itaandikwa jina la ukoo wenu, na kwamba hataki dhahabu ya mtu. Akirudi na kusema amewaambia wamekasirika, huyo ni mume, subirini hata miaka mitano kama kina Devdas. Akirudi na kusema hakupata nafasi nzuri, mpe nafasi ya pili. Ya tatu usimpe.

Akisimama nawe na wazazi wakakataa kata kata, sheria haiwafungii. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya India ya mwaka 1955 haizuii jati na jati kuoana. Iko pia ile ya 1954 ya ndoa za kiserikali, ambayo tangazo lake hukaa siku 30 na hubandikwa ofisini, kwa hiyo msitegemee kuwa itakuwa siri. Nyumbani, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka notisi ya siku 21, na mwanamke wa miaka 27 haombi ruhusa ya mtu. Ila muulize Jigar kwa dhati kama kuna hatari. Huko ziko sehemu ambako vijana wameuawa na ndugu zao kwa kuoana nje ya jati, mpaka mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliagiza polisi wawalinde watu wazima waliochaguana. Akisema kuna mjomba mwenye hasira za namna hiyo, fungeni ndoa Tanga.

Mama yako usimkasirikie. Unga wa dengu na manjano ni mkono wa mama unaotetemeka, anaogopa utabaki nyumbani. Mwambie siku ya pithi, ile ya kumpaka bibi harusi manjano, mkiwa na harusi ya haki, atakupaka manjano mpaka masikioni, lakini jioni hizi bakuli lile alirudishe kabatini. Na baba yako asiendelee kukaa jikoni peke yake na ule msharasi. Kaa naye usiku mmoja. Mwombe akusimulie kibanda cha Ngamiani, ngozi ilitoka wapi, mteja wa kwanza alikuwa nani. Amekaa kimya kwa sababu anadhani unaona aibu.

Nimeliacha la kaka yako mwisho kwa makusudi, lakini ndilo la kulifanya kwanza, kabla hujazungumza na Jigar.

Ulichosema mezani ukiwa na miaka 19 ndicho alichosema foi. Maneno yenu yamepishana lugha tu. Wifi yako naye alikaa mahali fulani miaka hii minane akijua nyumba ya mumewe kuna mtu aliyewaona wanawe ni hasara kabla hawajazaliwa. Umri wa miaka 19 unapunguza kosa, haulifuti, na hukuniandikia ili nikufutie. Huwezi kumdai Jigar asimame mbele ya baba yake wakati wewe hujasimama mbele ya kaka yako.

Usitume ujumbe wa simu, wala usimtume mama. Panda basi asubuhi uende Muheza. Ukifika umsalimie wifi kwanza kabla ya kaka, umwambie ulichosema, kwa maneno yale yale uliyoyasema, kisha umwombe radhi. Asipokukaribisha ndani, ongea hapo hapo barazani. Na kama atakukaribisha akakupa chai, kunywa yote, kisha chukua vikombe vyote pamoja, chako na vyao, ukavioshe.

Shangazi